Kidonda kimefunga, lakini kazi chini ya ngozi haijaisha

Kuna swali ambalo kina mama wanatuuliza mara kwa mara katika parokia zetu: mtoto aliungua na maji ya bugali, kidonda kikakauka, tukamshukuru Mungu, mbona miezi michache baadaye vidole vinajikunja na havinyooki tena? Wengine wanasema ni mkono wa jirani. Leo tunapenda kueleza ni kitu gani hasa kinachovuta vidole vile.

Chini ya tabaka la ngozi tunaloliona na kuligusa, zinaishi seli ziitwazo fibroblasti. Kazi yao ni kutengeneza nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambayo ndiyo inaipa ngozi nguvu ya kuvutwa bila kupasuka. Siku za kawaida zimetulia. Ngozi ikikatwa, kwanza damu inaganda, na vile vipande vidogo vinavyoigandisha vinatoa ishara ya kemikali. Chembe nyeupe za damu zinafika kula vijidudu na uchafu, nazo zinaongeza ishara hiyo. Karibu siku ya tatu, fibroblasti zinaanza kutambaa kutoka kandokando ya kidonda kuelekea katikati. Zinazaana, zinamwaga kolajeni, na mishipa midogo ya damu inaota kati yao. Ile nyama nyekundu yenye punjepunje, ambayo muuguzi anaiona akifungua bandeji, ndiyo kazi yao. Watu wengi wanaiogopa na kuisugua kwa sababu inatoka damu upesi. Ni nyama ya kupona, isisuguliwe.

Katika ngozi nzima, nyuzi za kolajeni zinapishana kama kikapu kilichosukwa. Katika kovu zimelala zaidi upande mmoja, kama mtu aliyeziba tundu la uzio kwa haraka kabla ya mvua. Vinyweleo na tezi za jasho havirudi. Mwili umechagua kufunga upesi kuliko kurudisha kilichokuwapo, na sisi tunaona umechagua vizuri, maana kidonda kilichobaki wazi kinaweza kuua. Lakini kazi ya haraka ina bei yake. Baada ya wiki tatu, kovu lina nguvu ya karibu 20 kwa mia tu ya ngozi ya kawaida. Inahitaji miezi mingi kufika karibu 80, na haifiki 100. Ndiyo maana aliyeondolewa nyuzi hospitalini anaambiwa asirudie mara moja kubeba mizigo.

Sasa turudi kwa vidole vya mtoto. Mwaka 1971 Giulio Gabbiani na wenzake walieleza kwamba ndani ya kidonda, fibroblasti nyingine zinageuka na kupata kamba za ndani zinazofanana na za misuli. Zinaitwa miofibroblasti. Zinashika nyuzi na kuzivuta, ili kingo za kidonda zikaribiane. Kwenye jeraha dogo la mguu ni msaada mkubwa, na kazi ikiisha nyingi zinakufa zenyewe. Lakini moto ukiingia ndani ya ngozi na kidonda kikikawia wiki nyingi, zinabaki na kuendelea kuvuta hata baada ya kufunga. Kama hapo ni kiganja, kiwiko, kwapa au shingo, kiungo kinavutwa pamoja nazo. Kidevu kinaweza kushikamana na kifua.

Kwa hiyo aliyeungua apoozwe mara moja kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Si majivu, si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia, maana uchafu unaongeza usaha, usaha unakawiza kidonda, na kidonda kinachokawia kinaacha kovu nene. Apelekwe kituo cha afya, na waulize habari ya chanjo ya pepopunda. Kama ni penye kiungo, mwombeni muuguzi akifunge kikiwa kimenyooshwa. Mtoto atapendelea kukikunja kwa sababu hapo anasikia nafuu, na ni hapo hasa kitakapogandia. Mazoezi ya kunyoosha yaendelee miezi mingi. Vidole vilivyokwisha kujikunja, daktari mpasuaji anaweza kuvifungua na kupandikiza ngozi.

Chakula nacho kina neno. Fibroblasti haziwezi kutengeneza kolajeni imara bila vitamini C. Katika safari ya meli za Mwingereza George Anson, 1740 hadi 1744, mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Kitabu cha safari kilichotoka kwa jina la Richard Walter, mchungaji wa meli, kinasimulia juu ya mzee mmoja aliyejeruhiwa katika vita vya Boyne, Ireland, zaidi ya miaka 50 nyuma. Majeraha yake yalifunguka tena. Kovu halijafa kamwe. Kolajeni inabomoka na kujengwa upya maisha yote. Mapera, mapapai na machungwa tunayo. Mgonjwa apewe, pamoja na maharagwe au ndagala kwa ajili ya protini.

Kuna na makovu ambayo fibroblasti zake hazijui kusimama. Keloidi inavuka mipaka ya jeraha la kwanza na kuenea kwenye ngozi nzima, hasa sikioni palipotobolewa, kifuani na mabegani. Inaonekana zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, na mara nyingi inafuata ukoo. Hapo ndipo maneno ya laana yanapoanza, na tumesikia mabinti wakiombewa kana kwamba wamefungwa na kitu. Haiambukizi, na si kansa. Kuikata peke yake ni kuwapa fibroblasti jeraha jipya: mara nyingi inarudi, pengine kubwa kuliko kwanza. Waganga wanatumia sindano za dawa ndani ya kovu lenyewe, vifungo vya kulibana, na mahali penye vifaa, mionzi mara baada ya upasuaji. Mwenye keloidi akiambiwa itakatwa, aulize kabla ya kulala mezani: baada ya kisu, mtanifuatilia kwa dawa gani, na kwa miezi mingapi?