Milima ya Pushkin: ardhi ya Mwafrika, jasho la nani?

Kila mwaka lazima itokee. Mtu anatupia kwenye grupu la darasa picha ya Aleksandr Pushkin, mshairi mkuu wa Warusi, yule mwenye nywele za kujisokota na ndevu za mashavuni, halafu anaandika: "Mnajua huyu babu yake alikuwa Mwafrika?" Basi grupu linachangamka. Huyu anasema Mhabeshi, yule anasema Mkameruni, na hakosekani mmoja wa kuuliza hiyo itatusaidia nini kwenye UE.

Ni kweli, jamani. Babu wa mama yake Pushkin alikuwa Mwafrika aliyefika Urusi akiwa mtoto, mateka. Lakini mimi swali langu ni la kijiografia zaidi. Familia hiyo ilipewa ardhi. Ardhi hiyo ipo wapi, ilikuwa inatoa nini, na nani alikuwa anailima? Ukifuata swali hilo unafika kwenye wilaya moja ya shamba kabisa huko Urusi, na habari inakuwa chungu kidogo kuliko ile ya kwenye grupu.

Tuanze na ramani. Sogea magharibi ya Urusi, pale inapopakana na Estonia, Latvia na Belarus. Huo ni Mkoa wa Pskov. Ukitoka mji wa Pskov kuelekea kusini, mwendo wa kilomita zipatazo 120, unafika wilaya ya Pushkinogorsky, yaani wilaya ya Milima ya Pushkin. Ni ndogo: kilomita za mraba kama 1,100, pungufu ya kisiwa cha Unguja. Makao makuu yake ni mji mdogo wa Pushkinskiye Gory, ambao hadi miaka ya 1920 uliitwa Svyatye Gory, Milima Mitakatifu.

Neno "milima" lisikudanganye. Aliyezaliwa Lushoto au Rungwe atacheka. Ni vilima tu, vilivyoachwa na barafu nene iliyowahi kufunika kaskazini ya Ulaya. Barafu ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha mchanga, kokoto, mawe makubwa yaliyotapakaa mashambani, na mabonde yaliyojaa maji yakawa maziwa. Katikati unapita mto Sorot, mpole, unaojipindapinda kwenye majani mpaka kuingia mto Velikaya, nao Velikaya unamwaga maji yake katika Ziwa Pskov. Kwa macho ni pazuri mno.

Kwa jembe ni habari nyingine. Wenzetu wa jiografia mnalikumbuka neno podzoli. Ni neno la Kirusi, maana yake ni kama kusema "chini kuna majivu", kwa sababu ukichimba kwenye msitu wa misonobari unakuta tabaka la kijivu lililochujwa rutuba yote na maji. Huo ndio udongo wa huku. Theluji inakaa miezi, msimu wa kulima ni mfupi, na bila samadi hupati kitu. Watu walipanda rai, nafaka ya jamii ya ngano inayovumilia baridi, kwa ajili ya mkate wao mweusi. Kwa ajili ya fedha walipanda kitani, na Pskov ilikuwa miongoni mwa majimbo makubwa ya kitani katika Urusi nzima. Kitani hakivunwi kwa mundu. Kinang'olewa kwa mkono, shina kwa shina, kisha kinalowekwa, kinakaushwa, kinapondwa na kuchanwa mpaka nyuzi zitoke. Aliyeona mkonge ukishughulikiwa anaweza kukisia, ila hapa mashine ilikuwa mikono ya wanawake usiku wa baridi.

Zamani za kale huku kulikuwa mpakani. Juu ya ukingo wa Sorot kuna kilima cha Voronich, ilipokuwa ngome ya kulinda Pskov dhidi ya maadui wa magharibi. Pskov yenyewe ilimezwa na Moscow mwaka 1510. Mwaka 1569, kwa amri ya Tsar Ivan, yule wanayemwita wa Kutisha, ilijengwa monasteri ya Svyatogorsky, nayo ndiyo iliyopa mahali hapo jina la utakatifu. Mwaka 1581 majeshi ya mfalme wa Poland, Stefan Batory, yakaipiga Voronich, na haikuinuka tena kuwa kitu. Mpaka ukasogea mbali, na nchi ikageuka kuwa mashamba ya kugawiwa wakubwa.

Hapo ndipo anapoingia Abram Petrovich Gannibal. Aliletwa kutoka Istanbul akiwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1700, akapelekwa kwa Tsar Peter Mkuu. Mwaka 1705 alibatizwa Vilnius, na Peter mwenyewe akawa baba yake wa ubatizo. Kuhusu kwao, simulizi za familia zilitaja Uhabeshi. Lakini katika ombi lake la mwaka 1742 yeye mwenyewe aliandika kwamba alizaliwa mji wa Lagon, na mwanahistoria Dieudonné Gnammankou wa Benin akatetea kwamba huo ni Logone, kusini ya Ziwa Chad, kwenye Kameruni ya leo. Mabishano hayo tuwaachie wa kwenye grupu. Cha uhakika ni kwamba alikuwa kichwa. Alisomeshwa Ufaransa uhandisi wa kijeshi, akarudi, akaandika kitabu cha jiometri na ujenzi wa ngome. Peter alipofariki maadui wakamsukumia Siberia, karibu na mpaka wa China. Binti wa Peter, Elizaveta, alipokalia kiti akamrudisha kwa heshima, na mwaka 1742 akampa ardhi hii kando ya Sorot. Alipanda hadi kuwa jenerali wa ngazi ya juu kabisa, si mchezo. Alifariki mwaka 1781.

Sasa sikiliza vizuri maana ya "kumpa ardhi". Katika Urusi ya wakati ule shamba halikupimwa kwa ekari peke yake. Lilipimwa kwa roho. Roho moja ni mwanamume mmoja mtwana aliyeandikwa kwenye daftari la kodi. Wanawake na watoto wa kike hawakuhesabiwa, ingawa kazi walifanya. Mtwana hakuruhusiwa kuhama. Alifanya kazi siku kadhaa za wiki kwenye shamba la bwana bila malipo, au alilipa ushuru wa fedha na mazao, au vyote viwili. Bwana aliweza kumwuza, kumwoza, kumchapa, kumpeleka jeshini, na hata kumweka rehani benki pamoja na kijiji chake. Zawadi ya Elizaveta ilikuwa vijiji vizima, na roho mamia.

Kwa hiyo mtoto aliyetolewa Afrika kama mali akawa mwenye mali, na mali yenyewe watu. Wapo wanaomtetea, na wana hoja: katika shamba lake jingine, huko Estonia, aliwahi kumkodisha Mjerumani kwa mkataba uliokataza kuwapiga wakulima, na mpangaji alipokiuka akauvunja mkataba. Mimi naiheshimu hoja hiyo. Lakini kutowapiga watu si sawa na kuwaachia, na kuwaachia hakuwaachia. Wanawe waligawana mashamba: Petrovskoye akachukua Pyotr, Mikhailovskoye akachukua Osip. Osip akamzaa Nadezhda, na Nadezhda akamzaa mshairi.

Pushkin alilijua jambo hili, na ndiyo maana namwona mtu wa kweli kuliko yule wa kwenye picha. Mwaka 1819, akiwa na miaka 20, alikaa Mikhailovskoye na kuandika shairi liitwalo Kijiji. Linaanza kwa kusifu maziwa na malisho, kisha linageuka ghafla kulaani utwana. Serikali haikuruhusu nusu hiyo ya pili ichapishwe, ikawa inapita mkono kwa mkono kwa siri. Mwaka 1824 akarudishwa Mikhailovskoye kwa lazima, amefukuzwa kazi ya serikali kwa sababu ya barua yenye maneno ya kukana Mungu. Baba yake mzazi akakubali kuwa mpelelezi wake, wakagombana vibaya, na familia ikaondoka ikamwacha na yaya mzee, Arina Rodionovna, ambaye alizaliwa mtwana. Abate wa monasteri naye aliagizwa amchunge. Kwa miaka miwili akawa amekwama pale, na hapo ndipo aliandika tamthilia ya Boris Godunov na sura za katikati za Yevgeny Onegin. Ngano alizosimuliwa na yaya usiku wa theluji akazitia kwenye daftari lake.

Mfanyabiashara mmoja wa mji jirani wa Opochka aliandika katika shajara yake kwamba mwezi Mei 1825 alimwona Pushkin kwenye gulio la monasteri: shati jekundu la kikulima, mkanda wa buluu, kofia ya majani, fimbo ya chuma mkononi, anakula machungwa. Mkulima wa Pskov hakuwa na uwezo wa kula machungwa. Shati lilikuwa la mtwana, tunda la bwana, na nadhani mtu huyo wa Opochka alikuwa na jicho kali kuliko wahakiki wengi.

Palikuwa pia na Olga Kalashnikova, binti wa msimamizi wa shamba, mtwana. Mwaka 1826 alikuwa na mimba ya Pushkin. Pushkin akamwandikia rafiki yake Vyazemsky amsaidie, na msichana akapelekwa mbali, kwenye shamba jingine la familia huko Boldino. Alijifungua mtoto wa kiume, Pavel, aliyefariki akiwa mchanga. Yule aliyelaani utwana kwa kalamu alimpata msichana huyu katika mazingira ambayo neno "hapana" halikuwa na thamani kisheria. Watetezi wa mshairi husema walipendana. Inawezekana. Olga hatukuachiwa shairi lake.

Pushkin alipigwa risasi katika pambano la bastola mjini St Petersburg na kufariki mapema mwaka 1837. Serikali iliogopa umati, ikaamuru mwili uondolewe usiku, juu ya gari la kuteleza kwenye theluji, hadi monasteri ya Svyatogorsky. Mwaka mmoja kabla alikuwa amemzika mama yake pale na kununua nafasi pembeni yake. Kwa hiyo mjukuu wa Gannibal na kitukuu wake wamelala kwenye kilima kimoja.

Utwana ulifutwa mwaka 1861. Wakulima walipata ardhi, lakini walitakiwa kuilipia kwa awamu, na deni lenyewe lilifutwa mwaka 1907 tu. Baada ya hapo usishangae kilichotokea Februari 1918: nyumba za Mikhailovskoye, Petrovskoye na Trigorskoye ya majirani zote zilichomwa moto. Wasomi wa miji walilia, na mimi pia vitabu na samani zile zinaniuma. Lakini aliyewasha moto hakuwa anachoma fasihi. Alikuwa anachoma daftari la roho.

Miaka minne baadaye, 1922, serikali ya Kisovieti ikaitangaza sehemu hiyo kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1927 ikaundwa wilaya yenyewe. Vita ilipokuja, Wajerumani walikalia eneo hilo kuanzia 1941 hadi Julai 1944. Walipoondoka waliacha kanisa kuu la monasteri limebomolewa kwa baruti, vijiji vimeteketea, na mabomu yamefukiwa ardhini hadi kwenye eneo la kaburi. Wanakijiji waliorudi waliishi kwenye mahandaki yaliyofunikwa kwa magogo. Mkurugenzi mpya, Semyon Geychenko, alifika mwaka 1945 akiwa amepoteza mkono mmoja vitani, akakaa hapo mpaka miaka ya mwisho ya 1980, akijenga upya nyumba moja baada ya nyingine. Nyumba ya Mikhailovskoye tunayoiona leo ilikamilika 1949. Ile ya akina Gannibal kule Petrovskoye ilisubiri hadi 1977.

Katika miaka hiyo ya 1970 mwandishi Sergei Dovlatov aliwahi kufanya kazi hapo ya kutembeza wageni, na baadaye akaandika riwaya ya kuchekesha na kuhuzunisha kuhusu hifadhi hiyo: wageni wanaouliza maswali ya ajabu, watembezaji wanaokariri mapenzi yao kwa Pushkin, na wanakijiji wanaokunywa pombe katika vibanda vinavyoegemea upande mmoja. Kuna hata mnara wa sungura, uliosimamishwa mwaka 2000. Inasimuliwa kwamba Desemba 1825 Pushkin alitaka kutoroka kwenda St Petersburg, sungura akamkatiza njia, naye akaona ni nuksi akageuza. Angefika, angeyakuta maasi ya rafiki zake, ambao watano wao walinyongwa mwaka uliofuata.

Juni ya kila mwaka, karibu na siku ya kuzaliwa kwake, mabasi hujaa kwa tamasha la ushairi lililoanza 1967. Kisha mabasi huondoka. Sensa ya mwaka 1989 ilikuta watu kama 14,000 katika wilaya nzima. Ile ya 2010 ilikuta kama 9,000, na zaidi ya nusu yao wako mjini Pushkinskiye Gory. Mashamba ya pamoja ya enzi ya Kisovieti yamekufa, kitani hakilipi, na vijana wanakwenda Pskov au St Petersburg kutafuta kazi. Kuna vijiji ambavyo mzee mmoja anapofariki mlango unapigwa misumari, na kwenye shamba lililokuwa la kitani misonobari inaanza kuota.