Mfumo Mkongwe Ofisini: Uulipie, Uuhamishe au Uufunge?

Ankara ya leseni ya mfumo mkongwe huja mara moja kwa mwaka, aghalabu kwa dola, na mara nyingi hulipwa kwa hofu. Mwenye ofisi hapa Mbweni, Unguja, awe na ghala, hoteli au zahanati, anajua kwamba mfumo wake umepita miaka ishirini, aliyeuandika ameshastaafu, na siku ukizimika kazi itasimama. Basi hulipa bila kuuliza. Makala haya ni yake. Zipo njia nne mbele yake, na ipo kazi moja ya kufanya kabla ya kuchagua yoyote: kuhesabu ni programu zipi zinazotumika kweli.

Mifumo tunayoizungumzia ni ya ukoo wa Pick, ulioanzia kwenye kazi ya Dick Pick na Don Nelson katika kampuni ya TRW ya Marekani mwaka 1965. Watoto wake ni UniVerse, UniData, D3, jBASE na OpenQM. Mpangilio wake ni kama daftari la mkopo la dukani: ukurasa mmoja kwa mteja mmoja, jina lake juu, na chini yake vyote alivyokopa, viwe vitatu au thelathini. Hifadhidata kama PostgreSQL huweka madaftari mawili, la majina na la madeni, na kuyaunganisha kwa namba. Ukurasa mmoja ni mwepesi kusoma, na hiyo ni sababu mojawapo ya mifumo ya Pick kudumu. T24, programu ya kibenki ya Temenos ambayo KCB ya Kenya ni miongoni mwa wateja wake, ilikulia juu ya jBASE.

Hesabu kabla ya kulipa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leseni nayo ni mali. Mwambie fundi wako aandike programu ndogo moja inayoitwa mwanzoni mwa kila programu nyingine, ikaandika kwenye faili jina la programu, jina la mtumiaji, tarehe na saa. Hiyo ni kazi ya siku chache. Sambamba na hilo, aandike kila saa ni watu wangapi wameingia kwa wakati mmoja. Kwenye UniVerse amri ya PORT.STATUS huonesha hilo.

Usikate shauri baada ya mwezi mmoja. Acha hesabu ipite mwisho wa mwezi, mwisho wa mwaka wa fedha tarehe 30 Juni, na mwisho wa Disemba, kwani programu ya kufunga mahesabu huamka mara moja tu kwa mwaka na kabla ya hapo huonekana imekufa. Zikumbuke pia kazi za usiku zinazoendeshwa na amri ya PHANTOM bila mtu kukaa mbele ya kompyuta. Na wafanyakazi waambiwe mapema kinachoandikwa na kwa nini, wasije kudhani wanapelelezwa.

Tuchukue mfano. Ofisi ina programu 400 na inalipia leseni za watu 16. Baada ya mwaka, daftari linaonesha programu 90 zinazotumika, na watu walioingia pamoja hawajazidi 9. Kama kuandika upya programu moja ni kazi ya siku tatu, kuhama na zote 400 ni siku 1,200 za fundi. Kuhama na 90 ni siku 270. Siku 930 zimeokolewa kwa faili moja la kumbukumbu.

Njia ya kwanza: kubaki na kulipa

Hii ina usumbufu mdogo kuliko zote. Programu hazibadilishwi na watu hawafundishwi upya. Lakini jua unanunua kwa nani. Rocket Software ilichukua UniVerse na UniData kutoka IBM mwaka 2009, ikachukua D3 mwaka 2013, kisha jBASE na OpenQM mwaka 2021. Sehemu kubwa ya ukoo iko kwa muuzaji mmoja, na mnunuzi wa peke yake hana nguvu kubwa ya kupatana bei. Nguvu yake ni takwimu zake mwenyewe: mwenye ushahidi wa watu 9 haombi leseni 16. Acha akiba ya mbili au tatu, usilipie zaidi.

Njia ya pili: kuhamia ndugu wa bure

ScarletDME ilizaliwa kutokana na toleo huria la OpenQM, na huendeshwa kwenye Linux bila ada ya leseni. Programu nyingi zilizoandikwa kwa BASIC, lugha ya mifumo hii, hukubali baada ya marekebisho. Gharama yake ni ujuzi: hakuna muuzaji wa kumpigia simu saa nane za usiku, na fundi anayeijua lugha hii hapatikani kwa urahisi Unguja. Inamfaa mwenye fundi wake wa kudumu.

Njia ya tatu: kuandika upya

PostgreSQL na MariaDB hazina ada ya leseni, na vijana wanaozijua wapo. Gharama iko kwenye siku zile 270, na kwenye makosa ya kuhamisha. Mitego miwili huwanasa wengi. Tarehe huhifadhiwa kama idadi ya siku tangu 31 Disemba 1967, hivyo 10000 ni 18 Mei 1995. Fedha nazo mara nyingi huhifadhiwa bila nukta ya desimali: 1250000 huweza kuwa 12,500.00. Asiyejua hayo huhamisha madeni yakiwa yamezidishwa mara mia.

Kwa maktaba zinazotumia mfumo wa CDS/ISIS, kazi ni nyepesi zaidi. CDS/ISIS ya UNESCO, iliyotolewa kwa kompyuta ndogo mwaka 1985, si ya ukoo wa Pick, lakini nayo huruhusu sehemu moja ya rekodi kujirudia. Rekodi zake hutolewa kwa muundo wa ISO 2709 na kuingizwa kwenye Koha au ABCD, programu za maktaba ambazo zote ni huria. Hapo hakuna sababu ya kungoja.

Njia ya nne: kufunga na kuhifadhi

Kama hesabu inaonesha mfumo husomwa tu, wala hauingizwi kitu kipya, toa data zote kwa maandishi ya kawaida, zihakiki, weka nakala mbili mahali tofauti, kisha acha kulipa. Ndiyo njia ya gharama ndogo kuliko zote.

Gharama isiyo kwenye ankara

Kebo ya umeme ya baharini hutua Fumba, kusini ya Mbweni. Ilipoharibika Disemba 2009, Unguja ilikaa gizani hadi Machi 2010. Mafaili ya mifumo ya Pick huweza kuvunjika umeme ukikatika katikati ya kuandika, na faili lililovunjika linaweza kupoteza rekodi kimya kimya. Njia yoyote utakayochagua, ongeza bei ya UPS na ya nakala rudufu ya kila usiku, na mara moja kwa mwezi irejeshe nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka.

Uamuzi wangu

Ofisi ndogo isiyo na fundi wake ibaki na ipunguze leseni. Yenye fundi wa kudumu ijaribu ScarletDME pembeni kwa miezi sita. Yenye programu chache zinazotumika iandike upya. Maktaba ihamie Koha au ABCD. Na mfumo unaosomwa tu ufungwe.

Nakuomba, msomaji, usisaini ankara ijayo kabla hujaliona daftari la matumizi. Anza kuhesabu wiki hii.