Abiria wa Olkaria Katika Majengo ya Ndege

Kati ya mwaka 1937 na mwaka 1950, Ziwa Naivasha lilikuwa kituo cha ndege za majini zilizofanya safari ndefu baina ya Southampton, Uingereza, na Afrika Kusini. Ndege hizo zilitua juu ya maji yenyewe, mbele ya vilima vya Olkaria, na abiria wake, waliokuwa wachache na wenye mali, walipokewa ufukweni wakaongozwa hadi kwenye magari ya kuwapeleka Nairobi, pasipo mmoja wao kuhitaji kusoma kibao wala kutafuta lango. Naitanguliza habari hiyo kwa sababu inaonyesha dhahiri jinsi usafiri wa anga ulivyogeuka: zamani abiria alishikwa mkono, na leo, maadam wasafiri wamekuwa halaiki, mkono huo umeondolewa na mahali pake pamewekwa mishale, herufi na namba, ambazo humfaa sana anayezijua na humtaabisha sana asiyezijua.

Watu wa Olkaria husafiri mbali kuliko mgeni anavyoweza kudhani. Uchimbaji wa majaribio wa visima vya mvuke ulianza hapa mwaka 1956. Mtambo wa kwanza wa umeme wa jotoardhi, wenye nguvu ya megawati 15, ukaanza kazi mwaka 1981. Na kabla ya hapo kidogo, mwaka 1979, Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilikuwa kimefungua huko Iceland mafunzo ya miezi 6 ya elimu hiyo ya mvuke wa ardhini, ambayo tangu mwaka 2020 yako chini ya UNESCO. Katika mafunzo hayo Wakenya wamekuwa wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote. Wameitwa wajuzi wa miamba, wakemia, wahandisi wa kuchimba visima na watunzaji wa mazingira, na wapo miongoni mwao ambao safari hiyo ndiyo ya kwanza kupanda ndege tangu kuzaliwa kwao. Wala hakuna ndege inayotoka Nairobi ikatua Iceland moja kwa moja. Msafiri hana budi kushuka Ulaya, mara nyingi katika uwanja wa Schiphol karibu na Amsterdam, akaitafuta ndege nyingine peke yake.

Nimewasikiliza wengi wa watu hao, na jambo linalonisikitisha ni kwamba mtu ambaye haogopi kusimama kando ya kisima kinachonguruma, mwenye shahada na heshima mbele ya wenzake, husimulia saa chache za kupita katika jengo la abiria kwa sauti ya chini, kana kwamba kupotea humo kulikuwa aibu ya nafsi yake. Nashikilia kwamba tahayari hiyo haina haki. Majengo yale yameandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kusoma mengine ya namna yake. Anayeyaingia mara ya kwanza amepewa kitabu kuanzia sura ya katikati, na wa kulaumiwa, kama yuko, ni sisi tuliotangulia tusimwambie yaliyomo katika sura za mwanzo.

Na mfanyakazi wa Olkaria anayo tayari akili inayotakiwa. Kila kisima kina namba yake inayoanza kwa herufi OW. Mabomba hutoka visimani, hukutana, hufika katika kitenganishi, na hapo mvuke hushika njia ya kwenda kuzungusha mitambo, ilhali maji ya moto hushika njia nyingine ya kurudishwa ardhini. Jengo kubwa la abiria limepangwa kwa fikira hiyohiyo. Watu humiminika kwa wingi mmoja, kisha penye kila kitenganishi hugawanywa mafungu mawili: aliyefika mwisho wa safari na anayeendelea, anayevuka mpaka na asiyevuka. Mvuke hauhitaji kuijua ramani ya bonde zima, na vivyo hivyo msafiri hana haja ya kulijua jengo zima. Yatosha ajue njia-panda iliyo mbele yake inauliza nini, akaijibu, ndipo aifikirie ile ifuatayo. Wengi hutaabika kwa kujaribu kuyafahamu yote kwa mara moja, macho yao yakatangatanga katika vibao hamsini, ilhali kimoja tu ndicho kinachowahusu kwa dakika ile.

Njia-panda ya kwanza iko nyumbani, kabla gari halijaondoka Naivasha: ni jengo lipi? Uwanja wa Jomo Kenyatta una Terminali 1, iliyogawanywa kwa herufi kuanzia A hadi E, na Terminali 2, na mashirika ya ndege hayatumii mlango mmoja. Na katika hili yafaa kuwa na hadhari na maelekezo ya zamani, hata yakitoka kinywani mwa mtu wa kuaminika, kwa kuwa moto wa tarehe 7 Agosti 2013 uliteketeza ukumbi wa kuwasili, abiria wakapokelewa kwa muda katika mahema, na majengo mengine yakaongezwa baadaye; mzee aliyesafiri kabla ya moto huo atakueleza kwa uaminifu kamili ukumbi ambao haupo tena.

Uwanja wenyewe una historia inayostahili kukumbukwa na kila anayeukanyaga. Ulifunguliwa Embakasi mwaka 1958, na kazi nzito ya kuutayarisha ilifanywa kwa mikono ya mahabusu wa Mau Mau. Mwaka 1978 ukapata jengo jipya la abiria, na baada ya kifo cha Rais Kenyatta mwaka huohuo ukapewa jina lake. Mjukuu wa mahabusu hao hana sababu ya kuingia humo ameinamisha kichwa.

Kinachomshtua mgeni wa Embakasi ni kwamba ukaguzi huanzia barabarani. Abiria aweza kutakiwa ateremke garini, apite kwa miguu katika kibanda cha ukaguzi huku dereva akilipitisha gari, kisha alipande tena ng'ambo ya pili. Mlangoni mwa jengo hukaguliwa mara nyingine, na hapo ndipo jamaa waliomsindikiza hulazimika kubaki nje, kwa kuwa asiye na tiketi haingii. Familia zetu husindikiza kwa wingi, na jambo hilo ni jema lisiloachwa. Walakini maagano, dua na picha vikifanyika mlangoni, katikati ya foleni, msafiri huingia ndani moyo ukiwa umejaa na mikono haijui pasipoti iko mfuko gani. Agana naye mapema, akiwa bado ameketi, kisha mwache dakika chache azipange karatasi zake: pasipoti, tiketi, barua ya mwaliko, cheti cha chanjo kama kinatakiwa. Karatasi hizo zikae katika mfuko wa mkononi, asilani zisiwekwe katika sanduku litakalopelekwa chini ya ndege, kwa sababu zitaulizwa mahali ambapo sanduku halipo. Na asali ya zawadi, ambayo wazazi hupenda kuitia mfukoni dakika ya mwisho, iende sandukuni, imefungwa vizuri. Tangu mwaka 2006, baada ya kugunduliwa kwa njama ya kulipua ndege huko London, viwanja vingi huzuia katika mzigo wa mkononi kitu chochote cha majimaji kinachozidi mililita 100, na asali huhesabiwa kuwa majimaji.

Habari ya saa inastahili kusemwa kwa utulivu. Ndege nyingi za Ulaya huondoka Nairobi karibu na usiku wa manane, na tiketi huandikwa kwa hesabu ya saa 24 ambayo tarehe yake hubadilika saa 6 kamili za usiku. Tiketi inayosema Ijumaa, 00:30, ni safari ya usiku wa kuamkia Ijumaa, na abiria wake anatakiwa awe amefika uwanjani Alhamisi jioni, mapema. Anayeondoka Naivasha Ijumaa jioni, akiwa amevaa vizuri na amesindikizwa na ukoo mzima, ataikuta ndege imekwisha kuondoka tangu usiku uliotangulia. Hakuna ujinga katika kosa hilo, kwa kuwa kwetu usiku huo huitwa bado Alhamisi na walio wengi. Ni kosa la hesabu mbili kukutana, na dakika moja ya maelezo huliondoa.

Kwenye kaunta, sanduku linapowekwa juu ya mizani, mtumishi hulifunga kibandiko chenye herufi 3 za uwanja ambako litatolewa. NBO ni Nairobi, AMS ni Amsterdam, KEF ni Keflavík ya Iceland. Msafiri na asome herufi hizo kabla sanduku halijachukuliwa na mkanda: zikiwa KEF, basi lisimshughulishe tena njiani, zikiwa AMS, itambidi alichukue Amsterdam mwenyewe, na hapo mpango mzima wa kuvuka jengo hubadilika. Swali hilo moja, likiulizwa Nairobi kwa lugha tunayoielewa, huokoa fadhaa nyingi ugenini.

Baada ya mwendo wa takriban saa 8 angani, huyo Schiphol. Mahali penyewe ni pa ajabu kwa mtu aliyetoka kando ya ziwa lililo karibu mita 1,900 juu ya bahari, kwa kuwa Schiphol imejengwa juu ya sakafu ya ziwa la zamani, Haarlemmermeer, lililokaushwa mwaka 1852, na ndege hutua pale chini ya usawa wa bahari. Jengo ni moja, lililochanuka katika mikono mirefu iliyopewa herufi, na kila mkono una malango yenye namba. Tangu mwaka 1967 vibao vyake vya manjano vyenye maandishi meusi, vilivyobuniwa na Benno Wissing, vimekuwa mfano kwa viwanja vingi vya dunia. Siri yake ni sahali, nayo ingefaa isemwe kwa kila abiria kabla hajapanda: manjano ni rangi ya safari. Kinachohusu malango, kubadilisha ndege na kutoka nje huandikwa kwa manjano. Maduka na mapumziko hupewa rangi nyingine. Mtu akiyaambia macho yake yafuate manjano peke yake, nusu ya kelele ya jengo hunyamaza.

Nasema kelele kwa makusudi, kwa sababu njia za majengo haya hupitishwa katikati ya maduka, na manukato, saa na chokoleti hushindana kuyateka macho yaliyochoka kwa kukesha. Msafiri na asimame kwanza mbele ya ubao wa safari, atafute namba ya ndege yake badala ya jina la mji peke yake, kwa kuwa ndege mbili zaweza kwenda mji mmoja. Kisha asome lango, na aende kulitazama kwa macho yake ndipo arudi dukani akipenda. Lango lililochapwa katika pasi ya kupandia si ahadi. Laweza kubadilishwa saa yoyote, na ubao ndio wenye kauli ya mwisho. Saa za ubao ni za pale, si za Nairobi. Na lango hufungwa dakika kadhaa kabla ya saa ya kuondoka, wala halifunguliwi kwa machozi.

Hapa huwa nalifikiria waridi la Naivasha. Hukatwa alfajiri, huwekwa katika baridi, husafirishwa kwa lori hadi Embakasi, hukaguliwa na maofisa wa afya ya mimea wa KEPHIS likapewa cheti cha afya, likapanda ndege. Na linapofika Uholanzi, wapo mawakala wanaolingoja na karatasi zake mkononi, wakalifikisha kwenye mnada wa Aalsmeer, jirani kabisa na Schiphol. Kila hatua ya ua hilo ina mtu aliyeajiriwa kuitunza. Msichana aliyezaliwa katika kambi za mashamba ya maua hayo, akasoma kwa jitihada hadi akapata nafasi ya Iceland, hupita katika uwanja huohuo pasipo wakala. Siwezi kuliona jambo hilo kuwa sawa.

Kitenganishi kinachowahangaisha wengi kuliko vyote ni cha pasipoti. Msafiri hudhani kwamba, kwa kuwa safari yake ni ya Iceland, ataulizwa habari zake Iceland. Lakini Iceland imo tangu mwaka 2001 katika eneo la Schengen, la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, na atokaye nje ya eneo hilo huulizwa katika mlango wa kwanza anaouingia, ambao kwake ni Amsterdam. Ofisa atataka kujua anakwenda wapi, kwa kazi gani, atalala wapi, atarudi lini. Na majibu bora ni mafupi, ya kweli, yakifuatwa na barua. Ukaguzi huo, pamoja na foleni yake ya asubuhi, waweza kula saa nzima. Kwa hiyo anayekata tiketi yenye nafasi ndogo baina ya ndege mbili, kwa kutaka kufika mapema, anajitia katika mbio ambazo hazimo mikononi mwake. Heri saa 3 za kungoja ameketi mustarehe.

Keflavík haina mengi ya kusimulia. Jengo lake la abiria, lililofunguliwa mwaka 1987, ni dogo kwa aliyetoka Schiphol. Abiria huchukua sanduku lake na kutoka, na barabara ya kwenda Reykjavík humpitisha si mbali na kituo cha umeme wa jotoardhi cha Svartsengi, ambako mvuke hupanda angani kama alivyouacha kwao.

Nina maombi mawili, na la kwanza ni kwa wenye mamlaka ya viwanja vyetu: Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kisimame katika kila kibao cha njia, kwa herufi kubwa sawa na za Kiingereza, ili mama anayekwenda kumtazama mwanawe ng'ambo asilazimike kukisia. La pili ni kwa wenzetu waliokwisha kwenda na kurudi. Kila mwaka Olkaria hupeleka watu wengine, na hao hupewa kabla ya safari vitabu vya kemia na vya miamba. Waongezewe alasiri moja ya mazungumzo na mtu aliyepita njia hiyo hivi karibuni, mwenye pasi yake ya zamani, kibandiko cha sanduku na picha za vile vibao vya manjano katika simu yake, na wauulize uwanja wa ndege mpaka maswali yao yaishe.