PICHA ZA CHAMA ZITADUMU MIAKA MINGAPI?

Chama kinapopiga picha ya Mkutano Mkuu, au picha ya mwanachama ya kubandikwa katika daftari, hutarajia kwamba itawafaa hata wajukuu. Lakini siku hizi picha nyingi huchapwa ofisini kwa mashine zinazorusha wino, na baadhi hupauka kabla Halmashauri iliyopigwa picha haijamaliza muda wake.

Wino huo ni wa namna mbili. Katika wa kwanza, rangi imeyeyuka kabisa, kama sukari katika chai. Hung'aa vizuri, ila mwanga, unyevu na hewa huiharibu upesi. Wa pili una chembe ndogo sana za rangi zisizoyeyuka. Mwanga huanza na tabaka la nje la chembe, kwa hiyo picha zake kwa kawaida hudumu zaidi.

Miaka inayotajwa na watengenezaji haikungojewa ipite. Picha huwekwa chini ya taa kali kwa muda mfupi, upaukaji hupimwa, kisha hesabu hufanywa. Hapo ndipo pa kuangalia. Katika vipimo vyake, Wilhelm Imaging Research ya Marekani ilichukua mwanga wa luksi 450 kwa saa 12 kila siku. Kampuni ya Kodak ilichukua luksi 120. Kwa hesabu ya mwanga peke yake, picha ya miaka 20 kwa kipimo cha kwanza huwa ya miaka 75 kwa cha pili, nayo ni picha ile ile.

Tena, kipimo cha mwanga hakipimi hewa. Mwaka 2000, baadhi ya picha za mashine ya Epson Stylus Photo 1270, zilizotarajiwa kudumu miaka kadhaa, ziligeuka rangi ya machungwa mapema mno kwa sababu ya gesi ya ozoni.

Hivyo basi, makatibu na mameneja wanashauriwa:

(a) Kuuliza miaka inayotajwa ilipimwa kwa mwanga gani, na kwa karatasi ipi.

(b) Kukumbuka kwamba wino wa kujazia wa bei nafuu haurithi sifa za wino uliopimwa.

(c) Kutumia wino wa chembe kwa picha za daftari la wanachama.

(d) Kuweka picha za ukutani nyuma ya kioo, mbali na jua, na kuhifadhi nakala ya pili gizani, pakavu.

Picha ya mwanachama ni sehemu ya ushahidi wa haki yake. Ikifutika, mgogoro wa hisa hukosa shahidi.