Nani Anamdai Nani?

Katika Kiswahili, mkopo una shina moja. Mkulima wa kahawa wa Kangundo anakopa, sacco inamkopesha, na kiambishi kinatosha kuonyesha pesa zinakwenda upande gani. Kiingereza kina vitenzi viwili visivyofanana hata kidogo, "borrow" kwa anayepokea na "lend" kwa anayetoa. Anayeandika akifikiria shina moja hujikuta ameandika "I wish to lend 50,000 shillings from the sacco", yaani yeye ndiye anayeikopesha sacco. Neno "credit" ni gumu zaidi, kwa kuwa kihusishi kidogo tu hugeuza deni kuwa akiba. Kuchukua mbolea dukani "on credit" ni kuichukua kwa mkopo, nawe unadaiwa. Akaunti ikiwa "in credit", ina pesa na hudaiwi chochote. Benki ikikuandikia kwamba akaunti yako imekuwa "credited", usishtuke: pesa zimeingia. Benki huandika hesabu kwa upande wake, na pesa ulizoweka kwake ni deni inalowiwa nawe, ndiyo maana zinaingizwa upande wa "credit". Asili ya neno "credit" ni kitenzi cha Kilatini cha kuamini, na sisi tuna neno lililozaliwa na wazo hilohilo: amana.

Wapo watakaosema afisa wa mikopo anaelewa tu, hata maneno hayo yakikosewa. Dirishani, ndiyo, maana mwombaji yuko mbele yake. Lakini karatasi ikishatiwa sahihi, kinachosomwa siku ya mzozo ni maandishi, na hapo tofauti ya "referee" na "guarantor" inaweza kumgharimu mtu ng'ombe wake. Wa kwanza anaeleza tu tabia ya mwombaji. Wa pili ni mdhamini, na mkopaji akishindwa, yeye ndiye anayelipa. Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na Kiingereza ilhali Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, imefanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja nacho. Hoja hiyo naikubali kwa moyo wote, na taasisi za fedha zina wajibu wa kuifuata. Ila fomu iliyo mezani leo mara nyingi bado ni ya Kiingereza. Basi kabla hujaitia sahihi, mwombe afisa akueleze kwa Kiswahili nani anamdai nani, kiasi gani, na hadi lini.