Mali: Walioshangilia Jeshi na Walichopata (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia mwaka 2012, pale Kapteni Amadou Sanogo alipompindua Rais Amadou Toumani Touré ikiwa imebaki takriban mwezi mmoja uchaguzi ufanyike. Kabla wapinduzi hawajakaa sawa, miji ya Kidal, Gao na Timbuktu ikaangukia mikononi mwa waasi. Leo tunaingia kwenye swali gumu zaidi. Wamali ndio walioandamana Machi 1991 na kupigwa risasi hadi dikteta Moussa Traoré akaondoka. Ilikuwaje miaka 29 baadaye wakajaa barabarani kuwashangilia wanajeshi?

Swali hili haliwahusu Wamali peke yao. Video za Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso, jirani na mshirika wa watawala wa Mali, zinazunguka kwenye simu za vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Goma. Mara nyingi zinaambatana na maneno yanayofanana: demokrasia imetuchezea vya kutosha, sasa tunataka mtu wa kazi. Wanaosema hivyo wana hoja, na ni haki yao ipimwe kwa makini. Mali ni mahali pazuri pa kuipimia, kwa sababu Wamali wameshaijaribu.

Tarehe 18 Agosti 2020 asubuhi, risasi zilirindima katika kambi ya Kati, kilomita 15 hivi kutoka Bamako. Mchana magari ya jeshi yakaingia mjini na umati ukayazunguka pale kwenye Mnara wa Uhuru, watu wakipiga honi na kuwapungia askari mikono. Rais Ibrahim Boubacar Keïta na waziri mkuu wake wakachukuliwa. Karibu na usiku wa manane Keïta akaonekana kwenye televisheni ya taifa, barakoa usoni, akitangaza kwamba anajiuzulu kwa kuwa hataki damu imwagike ili yeye abaki madarakani.

Siwezi kuwalaumu walioshangilia. Keïta hakuingia madarakani kwa bunduki. Mwaka 2013 alichaguliwa kwa zaidi ya asilimia 77 ya kura katika duru ya pili, na wengi walimwona mzee mkali atakayeirudishia nchi heshima. Mwaka uliofuata serikali yake ikanunua ndege ya rais kwa takriban dola milioni 40, na ikaingia mkataba mkubwa wa vifaa vya jeshi nje ya utaratibu wa kawaida wa zabuni. Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia zikasimamisha fedha zao. Mkaguzi Mkuu wa Mali akachunguza manunuzi hayo na kuanika kasoro zake hadharani.

Baada ya hapo? Waziri wa ulinzi wa wakati wa manunuzi yale, Soumeylou Boubèye Maïga, alishatoka serikalini. Lakini mwishoni mwa 2017 alirudi, safari hii akiwa waziri mkuu. Kamati ya ulinzi ya bunge, ambayo ndiyo ilipaswa kuuliza fedha za askari zinakwenda wapi, iliongozwa na Karim Keïta, mtoto wa rais. Askari walikuwa wanakufa kambini kwao. Novemba 2019, huko Indelimane, karibu 50 waliuawa katika shambulio moja. Mjane wa askari wa Indelimane angepiga kura mara ngapi ndipo mtoto wa rais amuulize baba yake?

Kisha ukaja uchaguzi wa wabunge wa 2020. Kiongozi wa upinzani, Soumaïla Cissé, alitekwa na watu wenye silaha akiwa kwenye kampeni katika mkoa wa Timbuktu, na uchaguzi ukaendelea hivyohivyo. Mahakama ya Katiba ikageuza matokeo ya awali ya viti vipatavyo 30, chama tawala kikanufaika. Watu wakaingia barabarani wakiongozwa na muungano wa M5-RFP na Imamu Mahmoud Dicko. Katika maandamano ya Julai watu wasiopungua 11 waliuawa. Mwezi mmoja baadaye jeshi likachukua nchi.

Kwa hiyo kilichowachosha Wamali kilikuwa kura isiyomfikisha mtu popote. Shirika la utafiti wa maoni la Afrobarometer lilipotoa ripoti yake ya mwaka 2024 kuhusu nchi 39, lilionyesha kwamba watu wawili kati ya watatu barani bado wanaipendelea demokrasia kuliko utawala mwingine wowote. Lakini nchini Mali uungaji mkono huo ulikuwa umeshuka kwa pointi 23 katika muda wa chini ya miaka kumi. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa katika nchi hizo walisema wangekubali jeshi liingilie kati endapo viongozi waliochaguliwa watatumia vibaya madaraka. Sharti hilo ndilo la kuzingatiwa. Wananchi wanamtafuta wa kumdhibiti mtawala, na kwa kuwa bunge na mahakama hazifanyi kazi hiyo, wanaligeukia jeshi.

Wakubwa wa dunia nao walichangia. Majeshi ya Ufaransa yaliyoikomboa Timbuktu Januari 2013 yalishangiliwa kama mashujaa. Lakini yalipoingia Kidal, jeshi la Mali liliachwa nje ya mji, na Wamali hawakusahau. Mwaka 2021 ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mwezi Aprili Rais Emmanuel Macron alikwenda N'Djamena kumzika Rais Idriss Déby wa Chad, akaketi karibu na mtoto wa marehemu, jenerali aliyekuwa amechukua madaraka bila kufuata katiba. Mwezi uliofuata Kanali Assimi Goïta, yuleyule aliyeongoza mapinduzi ya 2020, alipofanya mapinduzi ya pili mjini Bamako, Macron huyohuyo akasema jambo hilo halikubaliki. Kijana wa Bamako akajionea kwamba kwa Ufaransa demokrasia ni fimbo ya kumchapia asiyetii, na mtiifu anasamehewa. Kwa maoni yangu hakuna propaganda ya Moscow iliyoifanyia Urusi kazi kubwa kuliko siku ile ya mazishi. Kufikia mwisho wa 2021 mamluki wa Kirusi wa Wagner walikuwa Mali, na Agosti 2022 askari wa mwisho wa Ufaransa wakaondoka.

Sasa tuutazame utawala wa kijeshi kwa kipimo kilekile tulichompimia Keïta.

Nitachukua matukio mawili. Machi 23, 2019, Keïta akiwa bado rais, wanamgambo waliodhaniwa kuwa Wadogoni walivamia kijiji cha Ogossagou, katikati ya nchi, wakaua Wafulani zaidi ya 150. Siku iliyofuata mkuu wa majeshi akafutwa kazi. Maelfu wakaandamana Bamako, wabunge wakawasilisha hoja ya kutokuwa na imani na serikali, na kabla mwezi haujatimia waziri mkuu, yuleyule Boubèye Maïga, akajiuzulu. Hayo yote hayakuwalinda watu wa Ogossagou. Februari 2020 wauaji walirudi, saa chache baada ya kikosi cha jeshi kuondoka kijijini, wakaua tena. Demokrasia ile ilikuwa dhaifu kiasi hicho.

Tukio la pili ni la Moura, mji mdogo wa mkoa wa Mopti. Jumapili ya Machi 27, 2022, siku ya gulio, watu wa vijiji vya jirani wakiwa wamekuja kuuza na kununua, helikopta zilitokea na kuanza kupiga risasi. Wapiganaji wa kundi lenye uhusiano na Al-Qaeda walikuwamo mjini, hilo halina ubishi. Lakini askari na wageni wenye silaha waliofuatana nao waliuzingira mji kwa siku tano. Mei 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema ina sababu za kuamini kwamba watu wasiopungua 500 waliuawa, wakiwamo wanawake wapatao 20 na watoto saba. Ilisema pia kwamba wanawake na wasichana wasiopungua 58 walibakwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa kijinsia.

Serikali ilisema imeua magaidi 203. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa hawakuruhusiwa kufika Moura, na ripoti yao ilipotoka walishutumiwa kwa ujasusi kwa kuwa walitumia picha za setilaiti. Mwezi uliofuata Mali ikautaka ujumbe wote wa kulinda amani, MINUSMA, uondoke nchini. Hakuna waziri aliyejiuzulu kwa ajili ya Moura. Bunge la kuwasilisha hoja halikuwepo, lilikuwepo baraza la mpito lililoteuliwa.

Na ile kesi ya ndege? Wanajeshi walimkamata Boubèye Maïga Agosti 2021. Wengi walifurahi, wakidhani sasa ukweli wote utajulikana. Alikaa mahabusu, akaugua, familia ikaomba apelekwe nje kutibiwa, ombi halikukubaliwa. Machi 2022 akafariki akiwa kizuizini, kesi haijasikilizwa. Alichokuwa anakijua kuhusu fedha zile amekwenda nacho.

Wanaoupenda utawala wa mkono wa chuma husema vita haviendeshwi kwa mabishano ya bunge, na kwamba kiongozi asiyeomba kura anaweza kuamua haraka. Haraka hiyo ipo, na iliwahi kuzaa matunda: Novemba 2023 jeshi likisaidiwa na Wagner liliirudisha Kidal, mji uliowashinda marais wawili, na furaha ya Wamali siku ile ilikuwa ya haki. Ila mtawala wa vitani anahitaji habari mbaya zimfikie mapema, na mwenye kuzipeleka lazima awe na uhakika wa kurudi nyumbani salama. Februari 2012, baada ya askari kuuawa huko Aguelhok, wake wa wanajeshi waliandamana na Rais Touré akalazimika kuwapokea na kuwasikiliza. Julai 2024 msafara wa jeshi na Wagner uliposhambuliwa Tinzaouaten, karibu na mpaka wa Algeria, jeshi lilikiri kupoteza watu wengi bila kutaja idadi. Serikali ikavunja uhusiano na Ukraine, ambako afisa mmoja wa ujasusi alidokeza kwamba waasi walikuwa wamesaidiwa kwa taarifa. Wiki chache baadaye, Septemba 17, wapiganaji wa JNIM, kundi lenye uhusiano na Al-Qaeda, wakaingia Bamako kwenyewe, wakashambulia chuo cha jandamaria na uwanja wa ndege.

Waliokuwa mbele katika maandamano ya 2020 wako wapi? Imamu Dicko yuko Algeria tangu mwishoni mwa 2023, na jumuiya iliyomuunga mkono imepigwa marufuku. Choguel Maïga, aliyekuwa msemaji mkubwa wa M5-RFP na kisha waziri mkuu wa wanajeshi, alifutwa kazi Novemba 2024 baada ya kulalamika kwamba hashirikishwi katika maamuzi. Agosti 2025 akatiwa ndani kwa tuhuma za ubadhirifu. Waziri mkuu mwingine wa zamani, Moussa Mara, alihukumiwa miaka miwili jela, mmoja kati yake ukiahirishwa. Kosa lake lilikuwa andiko la kuwaunga mkono waliofungwa kwa sababu ya maoni yao. Mei 2025 mamia ya vijana walikusanyika kwenye Kasri la Utamaduni mjini Bamako kudai demokrasia. Siku chache baadaye vyama vyote vya siasa vikavunjwa.

Usalama ambao kwa ajili yake yote hayo yalivumiliwa haukupatikana. Kuanzia Septemba 2025 JNIM iliziba njia za malori ya mafuta yatokayo Dakar na Abidjan, ikayachoma moto barabarani. Bamako ikawa mji wa foleni. Pikipiki zilipangwa toka alfajiri kwenye vituo vya mafuta visivyo na mafuta, na mwishoni mwa Oktoba serikali ikafunga shule zote nchini kwa wiki mbili. Keïta hakuwahi kuufikisha mji mkuu hapo, na kwa makosa yaliyo madogo kuliko haya alizomewa barabarani kila wiki. Goïta, ambaye sasa ni jenerali wa ngazi ya juu kabisa, hazomewi. Amehakikisha hakuna mahali pa kumzomea.

Julai 2025 baraza la mpito lilimwongezea miaka mitano ya kutawala, inayoweza kuongezwa tena bila uchaguzi. Wasomaji wa Kongo wanaijua hesabu hiyo. Novemba 1965, Kasavubu na Tshombe wakigombana huku waasi wakiwa bado mashariki, Joseph Mobutu alichukua nchi. Alisema wanasiasa wameiharibu kwa miaka mitano, basi naye apewe miaka mitano aitengeneze. Kisangani na Bukavu nako walikuwapo walioshangilia. Aliondoka Mei 1997.

Ewe kijana unayenitumia video za makapteni, sikukatazi kuukasirikia uchaguzi uliochakachuliwa. Nakuomba kitu kimoja: kabla hujamshangilia anayekuja kwa kifaru, mtafute Mkaguzi Mkuu wake, mbunge wake na mwandishi wake anayelala nyumbani kwake bila hofu. Wiki ijayo tutakwenda Niger, ambako Rais Mohamed Bazoum, aliyechaguliwa mwaka 2021, alizuiliwa na walinzi wake mwenyewe Julai 26, 2023, na hadi naandika haya hajaachiwa wala hajafikishwa mahakamani.