Kugawana au Kupishana? Istilahi za Matumizi ya Pamoja ya Masafa

Neno masafa, ambalo asili yake ni umbali baina ya mahali na mahali, limekwisha kukubalika kwa maana ya mirudio ya mawimbi ya redio. Hapo hapana matata. Matata yamo katika kitenzi kinachotangulia neno hilo, hasa wafasiri wanapokabiliwa na kanuni za masafa yatumiwayo na wengi.

Tutazame mfano wa Marekani. Bendi ya megahezi 3550 hadi 3700 ilikuwa hasa ya rada za jeshi la majini na vituo vya ardhini vya setilaiti. Mwaka 1975 au 1985 jambo hilo lingeishia hapo. Lakini mwaka 2015 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano iliweka kanuni za madaraja matatu. Wa kwanza ni waliokuwamo tangu awali, ambao twapendekeza waitwe watangulizi. Wa pili ni wenye haki ya kipaumbele, inayouzwa kwa mnada katika vipande vya megahezi 10. Wa tatu ni yeyote mwenye mtambo ulioidhinishwa, naye hanunui leseni.

Je, hawa wanagawana masafa? La. Ndugu wakigawana shamba, kila mmoja hutia ua wake. Wala hawachangii, kwani wachangiao chumba huwa sawa, na hapa hapana usawa. Kitenzi kifaacho ni kupisha. Rada ya manowari inapotambuliwa, mfumo wa kompyuta unaosimamia bendi hupewa sekunde 300 kuhakikisha kwamba mitambo ya madaraja ya chini imenyamaza au imehamia masafa mengine. Hayo ni matumizi ya kupishana.

Daraja la tatu ndilo lenye hatari zaidi kwa mfasiri. Akiandika "masafa huria", mtoa huduma mdogo wa intaneti, mwenye antena chache juu ya mnara wa maji na wateja wakulima, ataelewa kuwa aweza kuwasha mtambo apendapo. Kanuni hazisemi hivyo. Kila mtambo hauna budi kuandikishwa katika mfumo, pamoja na mahali ulipo na kimo chake, na kungoja idhini kabla ya kurusha mawimbi. Afadhali tuseme "ruhusa ya jumla".

Vivyo hivyo, tusiseme kuwa mwenye kipaumbele "anamiliki" masafa. Alichonunua ni kinga dhidi ya kuingiliwa na walio chini yake. Asipoyatumia, wa daraja la tatu waweza kuyatumia hadi atakapoanza. Na kwa mtoa huduma mdogo asiye na fedha za mnada, kifungu hicho ndicho riziki yake. Neno "kumiliki" lingekifuta.

Limebaki neno la eneo. Kanuni za 2015 zilitoa haki ya kipaumbele kwa maeneo madogo ya kuhesabia watu, kwa miaka mitatu. Mwaka 2018 zikabadilishwa kuwa kaunti nzima, kwa miaka 10, ingawa wadogo walipendelea maeneo madogo yaliyolingana na mifuko yao. Wako watakaotaka kuandika "wilaya". Hatuoni sababu, maana kaunti ni neno lililozoeleka tangu Kenya ilipopata katiba ya 2010, na wilaya ya Tanzania ni chombo kingine kabisa cha utawala.